Mama na Juma Lake

Dominika jioni, vyombo vikiisha kuoshwa na watoto wadogo wakiisha kulala, mama wengi wa nchi yetu huketi kidogo kizingitini na kulifikiri juma linalokuja. Moyoni husema: "Juma hili, Mungu akinijalia, tutasali pamoja kila jioni. Nitayatazama madaftari ya huyu mtoto wa tatu, kwa maana mwalimu wake amelalamika. Nitakwenda zahanati nikapimwe, maana maumivu haya yamezidi. Bati lile linalovuja litazibwa kabla ya masika. Nitamwona mama mkwe. Nitakwenda kitubioni." Ni maneno mema yote sita, wala hatuna shaka kwamba Mungu huyasikia.

Lakini Jumatatu jogoo la kwanza lamkuta mama amekwisha kuamka. Maji, moto, uji, sare za shule. Kisha shamba, au genge, au ofisi, au zamu ya hospitali, kila mtu na kazi yake. Jumanne habari ya msiba yaletwa, na msiba haungoji kesho. Jumatano ni siku ya kikundi cha akiba na mikopo. Alhamisi mtoto aamka na homa. Ijumaa michango ya shule yadaiwa. Jumamosi ni kufua, kusaga, gulio na Jumuiya. Dominika ikirudi, mama huketi pale pale kizingitini, na yale maneno yake sita yapo vile vile alivyoyaacha, hata moja halikuguswa. Ikiwa hivyo kwa majuma manne, husikitika. Ikiwa hivyo kwa mwaka mzima, huacha hata kuyasema, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatari hiyo ni nini? Sala ya jioni katika jamaa haifi kwa siku moja. Huahirishwa leo kwa sababu ya uchovu, kesho kwa sababu ya mgeni, keshokutwa kwa sababu umeme umekatika. Na baada ya miaka michache yumo katika nyumba ile mtoto asiyejua kwamba wazee wake walikuwa wakisali. Ugonjwa wa mama nao hauui kwa siku moja, wala mtoto haachi masomo kwa siku moja. Mambo makubwa ya nyumba hupotea polepole, kimya kimya, yakisukumwa kando na mambo madogo yenye kelele. Kwa hiyo twapenda leo kusema na akina mama, na pamoja nao waume zao, juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kulipanga juma moja mbele ya Mungu.

Bwana wetu Yesu Kristu, alipowafundisha watu gharama ya kumfuata, aliwapa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kama tusomavyo katika Injili ya Luka, sura ya 14. Mtu huyo mwenye busara hukaa kwanza, akaihesabu mali yake, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Tuangalie vema: kabla ya kushika jiwe la kwanza, hukaa. Mama yeyote ajuaye kuligawa gunia la mahindi hata lifike mavuno aijua hesabu hiyo. Lakini yule yule anayepima unga kwa kibaba hapimi siku zake. Unga ukipungua huona mara moja. Saa zikipungua hashtuki, bali huzikopa katika usingizi wake, na deni la usingizi hulipwa kwa hasira, kwa ugonjwa, na kwa sala iliyosahauliwa.

Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, aliwafundisha wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Neno hilo limekuwa kama methali kwetu, wala si neno la serikali peke yake. Nyumba nayo, kama nchi, haiwezi kuyafanya mema yote kwa mara moja. Mama yule wa Dominika jioni hakukosa bidii. Bidii anayo, pengine kupita kiasi. Alichokosa ni kuchagua. Alijitwika mambo sita juu ya kazi sitini alizokuwa nazo tayari. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika sita?

Basi, shauri letu ni hili. Kila juma mama achague makusudi matatu tu: moja kwa ajili ya nafsi yake, moja kwa ajili ya jamaa yake, moja kwa ajili ya nyumba yake. Kila kusudi liwe dogo hata liweze kukamilika kabla ya Dominika ijayo, tena liwe wazi, hata mtoto akiulizwa aweze kujibu kama limefanyika au halikufanyika. Kuwa mama mwema si kusudi la juma. Ni kusudi la maisha yote. Kuketi Jumatano jioni na binti ambaye amekuwa mkimya tangu likizo, hilo ni kusudi la juma. Kuitengeneza nyumba si kusudi la juma. Kumwita fundi Alhamisi aje alizibe bati, hilo ndilo.

Twaanza na kusudi la nafsi, maana ndilo ambalo akina mama huona haya kulitaja. Wengi wamefundishwa, au wamejifundisha wenyewe, kwamba mama mwema hujiweka nyuma daima: hula mwisho, hulala mwisho, huugua mwisho. Ni kweli kwamba upendo hujitoa. Lakini Bwana wetu alipotuagiza kumpenda jirani, kipimo alichotupa ni vile tunavyojipenda wenyewe. Anayeitupa nafsi yake amekipoteza kipimo. Kisima kisichopumzishwa hutoa matope, na watoto ndio wanaoyanywa.

Nafsi ina roho, nayo ina mwili. Kwa upande wa roho, kusudi la juma laweza kuwa kuisoma Injili ya Dominika mapema, Ijumaa usiku, kwa robo saa tu, au kwenda kitubioni Jumamosi hii, wala si "siku moja." Kwa upande wa mwili, laweza kuwa kulala mapema usiku mmoja, au kwenda kituo cha afya. Hapa twasema waziwazi, kwa kuwa haya haifai mahali penye mauti. Katika Tanzania yetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Dalili zake za awali zikigunduliwa mapema hutibika, lakini ikichelewa huangamiza. Siku moja ya juma iliyotumiwa kwenda kupimwa si siku iliyoibwa kwa watoto. Ni siku iliyowekwa akiba kwa ajili yao.

Yuko mama ambaye Kanisa limemweka mbele ya macho yetu katika jambo hili. Zélie Martin alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Katika mji wa Alençon alianzisha kazi ya kutengeneza lesi, akaajiri wanawake wengine. Mwaka 1858 aliolewa na Louis Martin, fundi wa saa. Mungu aliwapa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, na mabinti watano waliosalia wote wakawa watawa. Mdogo wao ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mama huyu hakuwa mtu mwenye nafasi. Aliwagawia wafumaji kazi, akazipokea nyumbani kwake siku ya Alhamisi, akaviunganisha vipande kwa mkono wake mwenyewe hata usiku, akatunza hesabu, akazaa, akanyonyesha, akazika. Ni kweli alikuwa na mtumishi wa kumsaidia nyumbani. Hata hivyo, barua zake zipatazo mia mbili na zaidi, ambazo zimehifadhiwa hata leo, zatuonyesha mama aliyechoka kama mama wa Mwanza au wa Songea achokavyo.

Lakini juma lake lilikuwa na nguzo zisizohama. Yeye na mumewe walihudhuria Misa ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Sala ya nyumbani ilikuwa ya wote. Dominika kazi ilisimama. Naye Louis alilifunga duka lake siku hiyo, ingawa wenzake walifungua na wateja walikuwapo. Kati ya nguzo hizo mambo mengine yaliweza kusukumana, nguzo zenyewe hazikusukumwa. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza mke na mume hao kuwa watakatifu, wote wawili siku moja.

Maisha ya mama huyu yana pia fundisho la huzuni, nalo tusilifiche. Mwaka 1865 alimwandikia ndugu yake, aliyekuwa akisomea dawa, juu ya uvimbe katika titi lake. Yakafuata mambo mengine: kazi, uzazi, vifo vya watoto. Miaka kumi na moja ikapita, na ni mwishoni mwa mwaka 1876 alipojua kwa daktari kwamba ugonjwa umekwisha kukomaa. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, mwenye umri wa miaka 45. Teresa wake alikuwa na miaka minne. Hatusemi kwamba madaktari wa zama zile wangeweza kumponya. Twasema kwamba madaktari wa zama zetu waweza mengi zaidi, na kwamba mama aahirishaye matibabu kwa ajili ya watoto wake aweza kuwaacha watoto hao hao yatima.

Kusudi la pili ni la jamaa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita jamaa ya kikristu kanisa la nyumbani, mahali ambapo wazazi ndio watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Kama nyumba ni kanisa, basi watu waliomo watangulia vyombo vilivyomo. Sufuria isiyong'aa yaweza kungoja. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne, aliyeanza kurudi nyumbani usiku bila kusema alikotoka, hawezi kungoja.

Hapa mama mwingine atatuuliza: "Ninao watano, nitamtazama nani?" Twamjibu: mmoja. Mama mwenye watoto watano hawezi kumpa kila mmoja moyo wake wote kila siku. Lakini majuma matano yana zamu tano. Juma hili ni la huyu wa tatu na madaftari yake. Juma lijalo ni la yule binti mkubwa. Mtoto ajuaye kwamba zamu yake yaja hangoji kuugua au kuharibikiwa ndipo apate kusikilizwa. Tena mume naye asisahauliwe katika zamu hizo, maana ziko nyumba ambamo mke na mume huzungumza juma zima juu ya fedha, mabomba na ada za shule, wasiulizane hata mara moja, "U hali gani?"

Juu ya sala ya jioni twasema neno moja. Ikiwa imekufa nyumbani mwenu, msianze na Rozari nzima. Anzeni na tendo moja, usiku mbili au tatu za juma, na siku hizo zitajwe. Wakati huo simu zote ziwekwe kabatini, ya baba na ya mama zikiwa za kwanza. Zamani jioni zetu ziliibiwa na pombe na masengenyo; siku hizi ziko nyumba ambamo watu sita huketi chumba kimoja, kila mmoja ameinamia kioo chake, wala hapana aliye pamoja na mwenziwe. Haba na haba hujaza kibaba. Tendo moja lililosaliwa kweli huleta la pili.

Kusudi la tatu ni la nyumba yenyewe: bati, choo, bustani ya mchicha, akiba ya ada, kabati la nguo lililokuwa pango la panya. Haya si mambo ya kudharauliwa. Kitabu cha Mithali, katika sura yake ya mwisho, chamsifu mke hodari anayeamka kungali usiku, anayelifikiri shamba na kulinunua, anayemnyoshea maskini mkono, ambaye watoto wake huondoka na kumwita heri. Wako akina mama wanaoisikia sura hiyo na kuvunjika moyo, wakisema, "Nani awezaye yote haya?" Lakini waisome tena polepole. Mke yule, kungali usiku, huwagawia wajakazi wake kazi zao. Hata yeye, aliyesifiwa kupita wote, hakutenda yote kwa mikono yake miwili. Nyumba ile ilikwenda kwa mpango, na mpango ule uligawanya mzigo.

Na hapo ndipo tulipotaka kufika. Mpango wa juma ukiwa ni wa mama peke yake, umekuwa mzigo mwingine juu ya kichwa chake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, chatupasha habari ya Yethro alipokwenda kumwamkia Musa, mkwewe. Alimkuta ameketi akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, watu wamemzunguka wakingoja. Mzee yule hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba atendavyo si vizuri, kwamba atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye, kwa kuwa kazi ile ni nzito, hawezi kuitenda peke yake. Akamshauri achague watu waaminifu wa kuishika kazi pamoja naye. Musa, rafiki wa Mungu, hakuona aibu kulifuata shauri la mzee wake.

Enyi akina baba, neno hilo la Yethro lawahusu ninyi. Baba mmoja hurudi kazini, akaketi, akanyosha miguu, akaagiza maji ya kuoga. Mke wake naye amerudi kazini saa ile ile, lakini kwake siku ndiyo kwanza yaanza upya. Je, hiyo ndiyo haki? Mila zetu zilimpa mwanamke jembe na chungu, na mwanamume mkuki na ng'ombe. Mkuki umetundikwa, na mahali pengi ng'ombe hawapo tena. Jembe na chungu vipo vile vile, na juu yake imeongezwa ofisi. Yusufu wa Nazareti alikuwa mlinzi na mtumishi wa jamaa yake, akaondoka usiku kwa ajili ya mtoto na mama yake, wala heshima yake haikupungua. Baba atakayesema Dominika jioni, "Madaftari ya mtoto wa tatu niachieni mimi," amefanya kazi ya utume katika kanisa lake la nyumbani. Na watoto wa kiume wafundishwe kufua na kupika pamoja na dada zao. Samaki mkunje angali mbichi.

Twajua pia kwamba ziko nyumba ambamo hakuna baba wa kusema hivyo. Wako wajane; wako walioachwa; wako ambao waume zao wako mbali wakitafuta riziki. Kwao Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu zisiwe mahali pa kusali na kuchanga tu. Mwaka 1976 Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuzijenga Jumuiya hizi, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Jumuiya ijuayo kwamba mama fulani hajafika zahanati kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, isingoje kumchangia jeneza. Mmoja amshike mtoto asubuhi moja. Nao WAWATA, walioadhimisha mwaka 2022 miaka hamsini ya umoja wao, wajua vema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuseme sasa jinsi ya kutenda. Hesabu ya siku katika lugha yetu huanza Jumamosi. Hesabu ya ofisi huanza Jumatatu. Hesabu ya Kanisa huanza Dominika, siku aliyofufuka Bwana. Mkristu haanzi juma kwa kazi, akipewa pumziko mwishoni kama ujira. Huanza kwa Misa na pumziko, na kazi yafuata kama shukrani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima mwaka 1998 kuwakumbusha waamini thamani ya siku hiyo. Basi Dominika jioni, baada ya sala, jamaa iketi kwa robo saa. Mama awe na daftari dogo la senti chache, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na siku nazo ni mali. Kwanza zitajwe zile kazi zisizoepukika: zamu, Jumuiya, kikundi, siku ya gulio. Pili yachaguliwe yale makusudi matatu, kila moja na siku yake. Tatu iulizwe: nani atalishika lipi? Nne, nalo ndilo gumu, litajwe jambo moja ambalo juma hili halitafanyika, na wote wakubali pasipo nung'uniko. Jumamosi usiku, katika kuchunguza dhamiri, mama ayatazame tena yale matatu, amshukuru Mungu kwa lililotimia.

Na lisilotimia? Hapa twaomba tusikilizwe vema, maana mpango mwema waweza kugeuka kuwa mjeledi. Kuna mama atakayeyaandika makusudi yake kwa furaha Dominika, na Jumatano mtoto ataugua, na yote yatavunjika. Naye Jumamosi atajihesabu kuwa mama mbaya. La, hasha! Kumkesha mgonjwa hakukuwamo katika daftari, lakini kulikuwamo katika mapenzi ya Mungu. Mpango ni mtumishi wa upendo, si bwana wake. Marta wa Betania hakukosea kupika. Bwana alimwonya kwa sababu alisumbuka kwa mengi, hata akamwona mgeni wake na ndugu yake kuwa kikwazo cha kazi. Mama akiona kwamba daftari lake lamfanya awafokee watoto kwa kuwa wamemchelewesha, alifunge siku ile. Na kusudi lililoshindikana majuma matatu mfululizo lipunguzwe, au apewe mwingine, au liachwe.

Tena tumtazame Bwana mwenyewe. Injili ya Marko, sura ya kwanza, yasimulia jioni moja huko Kapernaumu, mji mzima umekusanyika mlangoni, naye akawaponya wengi. Alfajiri na mapema aliondoka akaenda mahali pasipo watu, akasali. Simoni na wenzake wakamfuata, wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Bila shaka walikuwapo wagonjwa wapya, na haja zao zilikuwa za kweli. Lakini Bwana hakurudi mlangoni pale. Alikwenda miji mingine, maana ndiyo kazi aliyojia. Mwana wa Mungu, aliyeweza yote, alikubali katika ubinadamu wake kuacha mlango wenye watu wanaomngoja. Kwa nini basi mama wa kibinadamu ajihukumu kwa sababu hakuwatosheleza wote? Aliweza Bwana kuchagua kwa kuwa alikuwa amekwisha kusali. Anayechagua bila kusali huchagua lenye kelele. Anayesali kwanza husikia lililo jembamba.

Mama mpenzi msomaji, pengine gazeti hili limekufikia huku mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine umeshika mwiko. Hatukutumi kazi mpya. Twakuomba utue moja kichwani. Mama yetu Bikira Maria huko Nazareti alichota maji, alisaga, alioka, miaka mingi ambayo Injili haituambii habari zake. Lakini yatuambia kwamba aliyaweka mambo yote moyoni mwake na kuyafikiri. Alikaa akafikiri. Hicho ndicho kikao tunachokuombea.

Dominika hii jioni, basi, vyombo vikiisha kuoshwa, usiketi kizingitini peke yako. Mwite baba wa watoto, waite na watoto walio macho. Washeni taa, salini tendo moja la Rozari, mfungue daftari. Andikeni matatu. Na kama kati ya hayo matatu mwaweza kuandika moja tu, liwe lile ambalo umelisema moyoni mwaka mzima bila kulitenda: ile safari ya zahanati, au kile kitubio, au yule mtoto. Andika na siku yake. Kisha ukalale mapema, ukimwachia Mungu yale yaliyosalia, kwa maana yeye asiyesinzia ataikesha nyumba yako.